"Ni Uzee Tu": Je, Tuna Haki ya Kumtaka Mzee Avumilie Maumivu?

Kuna jibu ambalo wazee wengi wa hapa Uganda wamelizoea. Mzee akisema mgongo unamuuma, akisema magoti hayamruhusu kuinama, akisema usiku hapati usingizi, huambiwa: "Ni uzee tu." Huambiwa hivyo na watoto wake, na majirani, na mara nyingine hata na wahudumu wa afya. Maneno hayo husemwa kwa upole, pengine hata kwa mapenzi. Lakini yakishasemwa, mazungumzo yamekwisha. Mzee hawezi kubisha kwamba hajazeeka, wala hawezi kuomba dawa ya miaka. Hurudi nyumbani na maumivu yake, na juu ya hayo ameambiwa kwamba ndiyo fungu lake.

Katika insha hii nauliza swali la kimaadili: je, tuna haki ya kumtaka mzee avumilie maumivu kwa sababu ni mzee? Msimamo wangu ni kwamba hatuna. Uvumilivu ni fadhila, lakini ni fadhila ya yule anayeumia. Sisi tusioumia hatuwezi kuutumia kama sababu ya kutomsaidia. Nitaeleza kwanza maumivu sugu ni nini na yanaondoa nini katika maisha ya mtu. Kisha nitapima hoja tatu ambazo humnyamazisha mzee, nazo ni hoja ya umri, hoja ya shaka na hoja ya subira. Mwisho nitatazama wajibu wetu ni upi na unaishia wapi.

Maumivu ya kawaida yana kazi yake. Mtu akikanyaga kaa la moto, mguu huruka hata kabla hajafikiri. Maumivu ya namna hiyo ni kama mlinzi wa nyumba: mwizi akiingia hupiga kelele, mwizi akitoka hunyamaza. Maumivu sugu ni tofauti. Wataalamu huyaita sugu yanapoendelea au kurudirudi kwa zaidi ya miezi mitatu. Hapo mlinzi hupiga kelele usiku na mchana. Wakati mwingine mwizi bado yumo ndani, kama pale gegedu la goti linapoendelea kulika. Wakati mwingine mwizi alitoka zamani, lakini mishipa ya fahamu haijui kunyamaza. Hilo huwapata baadhi ya wazee waliougua mkanda wa jeshi: ngozi imepona kabisa, lakini mahali pale bado panachoma kama moto. Kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake mpya ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022, limeyapa maumivu sugu nafasi yake. Hayahesabiwi tena kama dalili tu ya ugonjwa mwingine.

Shirika hilohilo, katika ripoti yake ya mwaka 2015 kuhusu uzee na afya, lilieleza kwamba kuzeeka vizuri si kuzeeka bila ugonjwa. Ni kukuza na kutunza uwezo wa mtu kufanya mambo anayoyathamini. Maelezo haya ni muhimu sana kwa mjadala wetu. Kwa kipimo hiki, mzee mwenye kisukari kinachodhibitiwa, ambaye bado anapalilia bustani yake na kwenda sokoni, anazeeka vizuri. Lakini mzee ambaye vipimo vyake vyote ni safi, ila hawezi kuinuka kitandani bila kulia, hazeeki vizuri.

Tuchukue mfano wa bibi anayeishi katika milima ya Kigezi, kusini-magharibi mwa Uganda, ambako mashamba yamekatwa ngazi ngazi kwenye miteremko. Amelima kwa jembe la mkono tangu utotoni. Amebeba maji, kuni, mazao na watoto akipanda na kushuka vilima hivyo. Sasa ana miaka sabini na mitano na goti moja linamuuma kila siku. Je, maumivu hayo yamechukua goti peke yake? Hapana. Choo chake ni cha shimo na lazima achuchumae, kwa hiyo hupunguza kula na kunywa ili asiende mara nyingi. Usiku hulala vipande vipande. Hatembei sana kwa sababu kutembea kunauma, na kwa kutotembea misuli ya mapaja inalegea. Misuli ikilegea, goti hukosa msaada na kuuma zaidi, na hatari ya kuanguka huongezeka. Kanisa liko juu ya kilima, haendi tena. Jirani akifiwa, hutuma rambirambi badala ya kwenda kukaa na wafiwa. Baada ya mwaka mmoja watu huanza kusema kwamba siku hizi bibi amekuwa mkimya, kwamba amebadilika. Hakuna anayekumbuka kwamba yote yalianzia gotini.

Tena katika nchi yetu bibi huyu mara nyingi ndiye mlezi. Ukimwi uliacha yatima wengi mikononi mwa bibi zao, na hata leo wazazi wengi wanapokwenda mjini kutafuta kazi huwaacha watoto kijijini. Bibi asipoweza kwenda kuchota maji, mjukuu ndiye atakayechota, na pengine atachelewa shule. Kwa hiyo hata yule anayedhani maumivu ya mzee ni jambo la mzee mwenyewe anakosea katika hesabu. Maumivu ya mtu mmoja hubebwa na nyumba nzima.

Sasa tuje kwenye hoja ya kwanza, hoja ya umri. Inasema: mwili ukizeeka huchakaa, na kinachochakaa huuma, basi hakuna la kufanya. Nusu ya hoja hii ni kweli. Maumivu sugu huwapata wazee zaidi kuliko vijana. Lakini mfikirie yule bibi anayeumwa goti la kulia peke yake. Goti la kushoto lina umri uleule. Lilizaliwa siku moja na mwenzake na limepanda vilima vilevile. Kama miaka ndiyo inayouma, mbona hili haliumi? Lazima kuna sababu nyingine pamoja na miaka, na sababu hiyo inaweza kutafutwa. Pengine aliwahi kuanguka, pengine kiungo kimevimba, pengine maumivu yanatoka kiunoni. Hali kadhalika, miguu inayowaka usiku inaweza kuwa dalili ya kisukari kilichoharibu mishipa ya fahamu, na mgongo ulioanza kuuma ghafla unaweza kuwa na mfupa uliovunjika au saratani. Magonjwa haya hayafanani na tiba zake hazifanani. Neno "uzee" huyafunika yote kwa shuka moja.

Zaidi ya hayo, hata kama jambo ni la kawaida uzeeni, haifuati kwamba ni sawa kuliacha. Macho ya karibu kila mtu hupungua nguvu ya kusoma anapopita miaka arobaini au hamsini. Hatumwambii mwalimu wetu, "Ni uzee tu, acha kusoma." Tunamtafutia miwani. Kwa nini basi jicho lipate miwani na goti lipate mahubiri? Nadhani jibu ni kwamba miwani tumeizoea na msaada wa maumivu hatujauzoea. Lakini mazoea si hoja ya kimaadili.

Hoja ya pili ni ya shaka. Maumivu hayaonekani. Homa hupimwa kwa kipimajoto, damu hupimwa maabara, lakini maumivu tunayajua kwa kuambiwa tu. Kwa hiyo wapo wanaosema: nitajuaje kwamba mzee huyu anaumia kweli? Huenda anatafuta kuhurumiwa. Huenda anataka wanawe waje kumwona. Wahenga waliliona tatizo hili waliposema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Mwanafalsafa Ludwig Wittgenstein, katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1953 baada ya kifo chake, alitoa mfano unaohusiana na jambo hili. Tuseme kila mtu ana kisanduku chenye kitu anachokiita mdudu, na hakuna anayeweza kuchungulia kisanduku cha mwenzake. Je, neno "mdudu" litapataje maana? Kwa maelezo yake, maana ya neno haiwezi kutoka katika kitu kilichofichwa sandukuni. Inatoka katika jinsi watu wanavyolitumia neno hilo pamoja. Nami naona jambo hilo ni kweli kabisa kwa maumivu. Hakuna mtoto aliyejifunza neno "inauma" akiwa peke yake. Alianguka, akalia, mtu mzima akamwinua na kumwambia pole. Neno la maumivu na neno la pole tulijifunza pamoja. Kumjibu mtu anayesema anaumia kwa kumshuku kwanza ni kuvunja makubaliano ambayo lugha yenyewe inayategemea.

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tuna ushahidi mwingine, na uko katika sarufi. Tunasema "mguu unaniuma." Kiima cha sentensi hii ni mguu, anayeumia amebanwa ndani ya kitenzi kama shamirisho, katika kile kiambishi kidogo "-ni-". Kitenzi ni kilekile tunachotumia kwa mbwa: "mbwa ameniuma." Sentensi hii haisemi kwamba mtu ana maumivu kama anavyokuwa na kofia. Inasema kuna kitu kinamuuma, naye anaumwa. Mtu akija mbio akisema ameumwa na mbwa, hatumuulizi umri wake kwanza.

Bado mwenye shaka anaweza kusisitiza kwamba kuna waongo. Ni kweli, wapo. Lakini tupime makosa mawili. Nikimwamini mzee ambaye haumwi, nimepoteza muda na labda nauli. Nikikosa kumwamini mzee anayeumwa, nimemwacha katika mateso, na nimemfundisha kwamba hakuna faida ya kusema. Makosa haya mawili hayana uzito sawa. Chama cha kimataifa cha wataalamu wa maumivu kiliporekebisha maana ya neno hilo mwaka 2020, kiliongeza kwamba maelezo ya mtu kuhusu maumivu yake yanapaswa kuheshimiwa, na kwamba kushindwa kusema si uthibitisho kwamba mtu haumii. Maneno hayo ya mwisho yanamhusu hasa mzee aliyepoteza kumbukumbu, au aliyepooza na kupoteza usemi. Hawezi kutoa ushahidi, lakini uso wake anapogeuzwa kitandani unaweza.

Hoja ya tatu ndiyo nzito zaidi, nayo ni ya subira. Tumelelewa tukiambiwa kwamba subira huvuta heri. Dini zetu huisifu. Wanafalsafa nao wameisifu: Epictetus, aliyekuwa mtumwa kabla ya kuwa mwalimu, na ambaye husemekana alikuwa kiwete, alifundisha kwamba mwili hauko katika uwezo wetu, bali kilicho katika uwezo wetu ni namna tunavyoyapokea yanayotupata. Sidhani mafundisho haya ni ya kupuuzwa. Wapo wazee ambao wamekaa na maumivu miaka mingi na hawakuruhusu yawafanye wakali au wachoyo. Ukikaa nao unajifunza jambo ambalo halimo katika mihadhara. Kuwaambia kwamba uvumilivu wao ni ujinga kungekuwa kuwavunjia heshima.

Hata hivyo, tuangalie nani anamwambia nani. Epictetus alijifundisha mwenyewe na wanafunzi waliomfuata kwa hiari. Hakuwa na dawa mkononi akawanyima. Subira ni neno la nafsi ya kwanza: "navumilia." Likihamia nafsi ya pili na kuwa amri, "vumilia," hubadilika maana. Na likisemwa na mtu ambaye angeweza kusaidia lakini hakusaidia, halifundishi tena fadhila, linafunika uzembe. Viktor Frankl, daktari aliyenusurika katika kambi za mateso za Wanazi, aliandika mwaka 1946 kwamba mateso yasiyoepukika mtu anaweza kuyapa maana. Lakini alisisitiza pia kwamba mateso yanayoweza kuepukwa, jambo lenye maana ni kuondoa chanzo chake. Kwa hiyo hata yule aliyesifu sana uwezo wa binadamu kuvumilia hakuutumia kama sababu ya kuacha kutibu.

Swali basi linakuwa hili: je, maumivu ya wazee wetu yanaepukika, au ndiyo yale yasiyo na budi? Historia ya Uganda yenyewe inatupa jibu la sehemu. Mwaka 1993 daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda jijini Kampala. Kabla ya hapo wagonjwa wa saratani na Ukimwi waliokuwa wakikaribia kufa waliambiwa wavumilie, kwa sababu iliaminika kwamba kuyatuliza maumivu yao ni jambo la nchi tajiri. Hospisi ilitumia mofini ya maji, unga unaochanganywa na maji, ambayo mgonjwa huinywa nyumbani kwake. Mwaka 2004 sheria ilibadilishwa ili wauguzi na maofisa tabibu wenye mafunzo maalumu waweze kuiandika, kwa kuwa madaktari ni wachache vijijini. Mgonjwa huipata bila malipo. Maumivu yaliyoonekana kuwa hayana budi yalikuwa na budi. Kilichokosekana kilikuwa uamuzi.

Uamuzi huo bado haujafanyika mahali pengi. Kamisheni ya jarida la tiba la Lancet ilieleza mwaka 2017 kwamba, kwa hesabu za miaka ya 2010 hadi 2013, dawa za jamii ya mofini zilizogawiwa duniani kila mwaka zilikuwa wastani wa tani 298.5. Nchi za kipato cha chini zote kwa pamoja zilipata tani 0.1. Sidhani watu wa nchi hizo wamezaliwa na subira kubwa kiasi hicho.

Lakini hapa pana hatari ya kuteleza upande wa pili. Bibi wa Kigezi hafi, na mofini kwa kawaida siyo dawa ya goti lake. Nchini Marekani, tangu miaka ya 1990, madaktari waliandika dawa za jamii hiyo kwa wingi kwa watu wenye maumivu sugu ya kila aina, na watu wengi mno wakaingia katika uraibu na kufa kwa kuzidisha dozi. Kumwamini mgonjwa si kumpa kidonge kila anapoguna. Hata hapa kwetu, mzee aliyeambiwa "ni uzee tu" huenda duka la dawa na kununua diklofenaki, akameza kila siku kwa miezi, mpaka apate vidonda vya tumbo au figo zake ziharibike. Hivyo jibu letu la kumtaka avumilie halikumfanya avumilie. Lilimfanya ajitibu gizani.

Kinachomfaa bibi huyo mara nyingi ni vitu vidogo: kuchunguzwa goti na mtu anayelijua, mazoezi ya kuimarisha misuli ya mapaja, fimbo ya urefu unaomfaa, viatu vizuri, kiti chenye tundu cha kuweka juu ya choo, dawa ya kutuliza kwa kipimo salama, na mtu wa kumshika mkono Jumapili kwenda kanisani. Katiba yetu ya mwaka 1995, katika malengo yake ya kitaifa, inaitaka serikali iweke utaratibu wa kuwatunza wazee kadiri inavyowezekana, na wazee wenye miaka themanini na zaidi hupewa shilingi 25,000 kwa mwezi. Ni jambo jema. Lakini mzee wa miaka sabini na mitano hazipati bado, na hata mwenye kuzipata asipoweza kutembea atazigawana na mwenye bodaboda.

Wajibu wetu, basi, una mipaka. Siamini kwamba mzee ana haki ya kudai aishi bila maumivu yoyote, kwa sababu hakuna anayeweza kumpa hilo. Ana haki ya mambo matatu yanayowezekana: kuaminiwa anaposema, kuchunguzwa ili sababu ijulikane, na kusaidiwa kwa kadiri ya uwezo wa wale walio karibu naye. Baada ya hayo, maumivu yatakayobaki ndiyo mahali pa subira, na hapo atavumilia kwa namna yake mwenyewe, pamoja nasi. Kiswahili humwita anayefanya kazi hiyo muuguzi. Neno hilo linatokana na "kuugua," ambalo maana zake ni kuwa mgonjwa na pia kutoa sauti ya maumivu. Mimi nalisoma hivi: anayeuguza ni yule anayempa mwenzake nafasi ya kuugua asikike.

Kwa kuhitimisha, napendekeza kwa wanafunzi wenzangu, hasa wale watakaokuwa walimu, wauguzi na viongozi wa vijiji, kwamba tubadilishe sentensi moja. Badala ya kumwambia mzee "ni uzee tu," tumuulize: "Yanakuzuia kufanya nini?" Swali hili halihitaji mashine wala fedha. Mzee akijibu kwamba hawezi kuchuchumaa, au kwamba hajaenda kanisani tangu mavuno, tayari tumejua pa kuanzia.